Mistari Minne ya Rangi Nyeupe

Ukizaliwa katika familia ya reli hapa Kamina, kuna mambo mawili unafundishwa kabla hujajua kusoma. La kwanza, usivuke reli bila kuangalia pande zote mbili, hata kama treni haijaonekana tangu wiki iliyopita. La pili, usiguse bolti yenye mstari.

Mstari wenyewe ni kitu kidogo. Ni rangi nyeupe, urefu wa nusu kidole, inaanzia juu ya kichwa cha bolti na kushuka mpaka kwenye chuma kilichokazwa. Bolti ikilegea, mstari unakatika vipande viwili, na hata mpita njia anaona kwamba kuna kitu kimesogea. Tata, baba yangu, alimalizia nguvu zake kwenye atelie, karakana ya mashine za treni, na kwake ule mstari ulikuwa zaidi ya rangi. "Anayekaza njo anapiga mustari," alikuwa anasema. "Hapana mwingine. Hata shefu mukubwa hawezi kupiga mustari ku bolti ya mwenzake."

Uzito wa neno hilo niliujua nikiwa na miaka kama minane. Tata alikuwa anakaza gurudumu la baiskeli yake uani, akaingia ndani kunywa maji. Nikaona kikopo cha rangi kimeachwa wazi, brashi iko juu, nikajisemea ngoja nimsaidie mzee wangu. Nikapiga mstari mzuri. Alipotoka akanizaba kofi, la kwanza na la mwisho maishani mwangu. Kisha akachuchumaa mbele yangu, maana nilikuwa nalia mpaka kamasi zinatiririka, akaniambia taratibu: "Hii bolti minyi bado sijaikaza. Weye umesema uongo na rangi."

Leo nina miaka arobaini na kitu, na nina mashine ya kusaga karibu na soko. Ni kinu cha chuma kinachozungushwa kwa mkanda na motere ndogo ya petroli, ya silinda moja, ambayo mtu mmoja mwenye nguvu anaweza kuibeba begani. Wamama wanatoka vijijini na magunia ya mahindi na makopa ya muhogo uliokaushwa juu ya baiskeli, wengine wametembea tangu alfajiri, na wote wanataka unga sasa hivi, kwa sababu watoto nyumbani wanangoja bukari, ugali wetu. Niseme wazi, mimi si mtu wa upole. Ukimwaga makopa yenye mchanga ndani ya kinu changu, utasikia maneno ambayo mama yako mzazi hajawahi kukuambia. Wananiita Mama Moto, na wanafikiri sijui.

Mwenye mashine ni mimi, lakini mwenye motere ni Tata. Tangu alipostaafu alikuja kila asubuhi na mfuko wake wa turubai wenye funguo za kukazia, akaweka kiganja juu ya ile motere kabla haijawashwa, kama mtu anayempima mtoto homa, halafu akasema "sawa" au "bado". Wamama walimwita Shefu. "Shefu, leo inasaga?" "Inasaga, mama." Hiyo ndiyo ilikuwa heshima yake iliyobaki mjini, na aliivaa vizuri kuliko koti.

Kwenye mashine yangu hapakuwa na kiti. Hilo nalo lina sababu. Tata alikuwa na rafiki yake wa ujana, fundi wa mabehewa, aliyeingia naye kazini mwaka mmoja. Huyo mzee alipostaafu alikuwa anafua majembe na kuchomelea sufuria uani kwake, anapiga kelele mtaa mzima. Watoto wake, kwa nia njema kabisa, wakamnunulia kiti kizuri chenye mito, wakaondoa nyundo na vyuma vyake vyote, wakamwambia, "Papa, pumzika sasa." Akapumzika. Msimu wa mvua haukuisha, tukaenda kilio. Tata alirudi nasi kutoka makaburini, na tulipofika nyumbani akavua kofia. "Ile kiti njo imemuua," akasema. Tangu siku ile, akichoka pale kwangu, alikaa juu ya debe lililopinduliwa, dakika mbili, akasimama tena.

Kwa hiyo motere ilipoanza kuumwa, mimi sikuogopa motere.

Ilianza kwa kukataa kuwaka asubuhi. Ukivuta kamba, inakohoa, inanyamaza. Ikiwaka, inaenda vizuri ikiwa tupu, lakini ukimwaga makopa tu, nguvu zinaisha, na ubavuni juu, pale kilase inapokutana na silinda, unasikia fyu, fyu, fyu, na mafuta meusi yanatokatoka. Kilase ni kile kifuniko kizito cha chuma kinachoziba silinda kwa juu, ambamo buji ya kuwashia imechomekwa. Kati yake na silinda kuna joint, karatasi nyembamba ngumu ya kuzuia pumzi isitoroke. Karatasi hiyo ikichoka, motere inapumulia ubavuni badala ya kufanya kazi.

"Joint ya kilase," Tata akasema. Hakuwa amekosea.

Sasa, mikono ya Tata. Nilikuwa nimeona, ila nilikuwa sitaki kuona. Chai ilikuwa inamwagika kwenye kisahani. Vifungo vya shati alikuwa anavifunga kwa muda mrefu, akijifanya anatazama nje. Ncha za vidole zilikuwa zimekufa ganzi, akishika kisu upande wa makali hajui. Nami, kwa akili yangu ya haraka haraka, nikasema, "Tata, tumwite yule makanisie, fundi wa pikipiki, pale ku gare ya treni. Atafungula, atafunga, tutasaga."

Hakukasirika. Afadhali angekasirika. Alifuta mikono yake kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja, akaniambia: "Siku mukono ya muntu mwingine itafungula hii motere, minyi nitanunua kiti."

Wamama waliokuwa kwenye foleni wakacheka, wakadhani ni mchezo wa mzee. Mimi sikucheka. Nilijibu, "Basi tutaifungula sisi."

Tulifanya kazi Jumamosi, mashine imefungwa. Lakini hapa Kamina hakuna kazi isiyo na watazamaji, hivyo wamama watatu walioleta makopa wakakaa juu ya magunia yao kutoa ushauri. Tata akaanza kwa mpangilio. Alizima petroli, akatoa buji, akaniambia nizungushe gurudumu taratibu huku yeye ameingiza kijiti cha ufagio kwenye tundu la buji. Kijiti kikapanda na pistoni, kikasimama juu kabisa. "Hapo. Usiiguse tena." Tukatoa bomba la moshi, tukatoa karabureta, tukafungua kikofia cha vali. Ndani mna vijiti viwili vya chuma vinavyosukuma vali, na kila kimoja lazima kirudi mahali pake. Tata alichukua muhogo mbichi, akavichomeka humo, cha kushoto kushoto, cha kulia kulia.

"Shefu, huo muhogo utakula nani?" mmoja wa wamama akauliza.

"Weye, kama utaendelea kusema," akajibu, na kicheko kikapita pale, hata mimi nikasahau kidogo.

Zikabaki bolti nne za kilase. Tata alikuwa na njia yake ya kuzifungua na kuzifunga, na aliifundisha hivyo hivyo hata atelie: kwa msalaba. Huzungushi kama saa. Unagusa ya juu, halafu ya chini, halafu kushoto, halafu kulia, kidogo kidogo, ili chuma kisipinde. "Kama uko unaanza sala," alisema, na kila alipomaliza duru moja midomo yake ilikuwa inasema Amina. Niliutazama ufunguo wake ukitafuta kichwa cha bolti. Ulikosa mara mbili. Mara ya tatu niliweka kidole changu pale, nikijifanya nafuta mafuta, ukaingia.

Kilase ikatoka, nzito, nyeusi kwa masizi. Na joint ikaonekana, imeungua upande mmoja kama ukoko wa bukari. Nikasema nikimbie sokoni, zipo mpya. Tata akanitazama kwa huruma.

"Minyi nimepika hizi bintu mbele weye uzaliwe," akasema. "Washa mbabula."

Hapo ndipo kosa lilipoingia, na ni kosa ambalo mtu wa reli pekee ndiye anaweza kulifanya. Zamani atelie, joint za mashine kubwa zilikuwa za shaba nyekundu. Ikichoka, hutupi. Unaiweka kwenye moto mpaka iwe nyekundu, unaichovya kwenye maji, inalainika, unairudisha, inaziba miaka mingine. Ni kazi safi na ya kweli. Lakini joint ya motere yangu haikuwa shaba. Ilikuwa karatasi iliyobanwa na bati, kitu cha siku hizi. Nilimwambia, "Tata, hii haiko kuivre."

"Kuivre ao haiko kuivre, moto inajua kazi yake."

Akaiweka juu ya makaa ya mbabula, pale ambapo tunachoma mahindi. Ikatoa moshi mchafu, wamama wakakohoa. Akaichovya kwenye beseni, ikalia chwii, akaitoa, akaigeuza geuza karibu na macho yake, akaridhika. Mimi niliona nyufa. Wallahi niliziona, ndogo ndogo, zimetapakaa. Nikafungua mdomo, nikakumbuka kiti, nikaufunga.

Akarudisha kilase. Akakaza kwa msalaba, Amina, kwa msalaba, Amina. Hakuhitaji kipimo, alisema bolti yenyewe inajibu mkononi. Kisha akatoa kikopo cha rangi na brashi, akainama. Alichukua muda. Brashi ilikuwa inatetemeka mpaka matone yakaanguka sakafuni, na mistari minne ikatoka kama njia ya konokono. Nilijishughulisha na kukunja magunia mpaka alipomaliza.

Motere ikawaka kwa mvuto wa pili. Oyee! Wamama wakapiga vigelegele, "Shefu! Shefu!" Tata akainua kofia yake, akakusanya funguo, akaenda nyumbani kulala, amechoka lakini uso umenyooka. Nikasaga beseni la kwanza, la pili. La tatu halijafika nusu, nikasikia fyu, fyu, fyu. Nikazima haraka. Nikawaambia wamama petroli imekwisha, na dumu lilikuwa pale, limejaa, wanaliona. Hakuna aliyebisha. Hata yule aliyeuliza habari za muhogo hakunitania, na hapo nikajua kwamba mtaa mzima umeelewa.

Jumapili nilisema tumbo linaniuma. Misa yetu ni ndefu, kuna kwaya mbili na matangazo yasiyoisha, na Tata hatoki mpaka amesalimiana na kila mtu. Nilimsikia akienda, viatu vyake vya reli vikikwaruza, nikangoja apite kona. Kisha nikakimbia sokoni nikapata joint mpya, nikapita kwa makanisie wa pikipiki nikaazima ufunguo wake wenye saa, ule unaoonyesha kwa mshale umekaza kiasi gani. Aliuliza ni kwa kazi gani. Nikamwambia ni kwa kazi yangu. Akanipa bila neno la pili.

Sikuwa nimewahi kuifungua ile motere peke yangu. Mikono yangu lakini ilikuwa inajua. Kijiti cha ufagio, karabureta, vijiti vya vali kwenye muhogo. Nilipofika kwenye bolti nne nililazimika kukata mistari yake. Ya kwanza ilikuwa imekazwa kupita kiasi, nikaning'inia kwenye ufunguo. Ya pili hivyo hivyo. Ya tatu ilikuwa ya kawaida. Ya nne niliigusa na ufunguo, nikaona inazunguka. Nikaondoa ufunguo, nikaifungua kwa vidole viwili, kama kifuniko cha chupa. Alikuwa ameipigia mstari, ameisemea Amina, na hakuwa ameikaza. Bolti ilimjibu, yeye hakusikia, au ilinyamaza, akadhani imejibu.

Nililia, na nilikuwa na hasira. Nilimkasirikia yeye kwa ubishi wake, nikaikasirikia ile mikono, nikajikasirikia mimi niliyekunja magunia. Nilisema maneno pale peke yangu ambayo siku ya Bwana haifai kuyasikia.

Halafu nikafanya kazi. Nilikwangua uso wa kilase kwa wembe mpaka chuma kikang'aa. Nikalaza kioo changu cha kusukia nywele juu ya gunia, nikaweka msasa laini juu yake, nikasugua kilase mduara kwa mduara, mpaka ikalala sawa bila mwanga kupita. Nikaweka joint mpya. Nikarudisha vijiti, cha kushoto kushoto, cha kulia kulia. Nikakaza kwa msalaba, duru tatu, mshale wa ule ufunguo ukisimama mahali pamoja kwa bolti zote nne. Nafasi za vali nikazipima kwa unene wa nyembe, mmoja kwa ya kuingiza hewa, mbili kwa ya kutoa moshi. Nikaiwasha nikasaga debe zima la makopa yangu mwenyewe. Haikulia fyu hata mara moja.

Ikabaki rangi.

Kikopo chake kilikuwa kwenye rafu. Nilikaa mbele ya zile bolti nne tupu, nikasikia lile kofi la utotoni shavuni. Nikisema sipigi mistari, kesho ataona na atajua. Nikipiga ili adhani ni mistari yake, nimesema uongo na rangi. Kengele ya kanisa ikalia ya mwisho. Nikachovya brashi. Nilipiga mistari minne kwa uangalifu wote niliopewa na Mungu, nikiwa nimezuia pumzi, na nikavutiwa nayo. Nilijisemea, angalau nimempa kazi nzuri.

Jumatatu Tata akaja na mfuko wake. Akaweka kiganja, akasema "sawa". Motere ikanguruma, makopa yakamwagwa, unga ukatoka mweupe na wa moto, na wamama wakamsifu mpaka wakachoka: "Shefu uko na mukono!" Alitabasamu. Kisha akainama, akafuta kilase kwa kitambaa chake, akatazama karibu sana. Alikaa hivyo muda mrefu. Alipoinuka akaenda kukaa juu ya debe, na hakusimama baada ya dakika mbili.

Jumanne akaja bila mfuko. Jumatano akaja, hakugusa motere. Nilimuuliza, "Tata, uko muzuri?" Akajibu, "Niko." Waswahili wanasema njia ya mwongo ni fupi, lakini sikujua kwamba ni nyembamba hivyo. Usingizi ulinikataa. Kila aliyeniletea makopa nilimgombeza, hata yale yasiyo na mchanga.

Alhamisi hakuja.

Saa tano mashine ikawa inaenda, nami akilini namuona yule rafiki yake wa mabehewa na mito yake. Nikazima motere katikati ya beseni la mtu. "Mama Moto, unga wangu!" Nikamwambia unga wake hautakimbia. Nikaenda na aproni yangu, mweupe kwa unga kichwani mpaka miguuni, nikivuka reli bila kuangalia hata upande mmoja.

Tata alikuwa amekaa barazani, kwenye kiti cha mezani cha mbao, mikono juu ya magoti.

"Tata! Unafanya nini?"

"Naikala tu."

Basi nikalipuka. Nilisimama uani nikapiga kelele, majirani wakatoka. "Minyi njo nilifungula! Jumapili, ulikuwa ku misa! Nilidanganya tumbo. Ile joint uliichoma, Tata, ilipasuka, na bolti moja haikukaza, ilikuwa inazunguka na vidole! Na mistari njo minyi nilipiga. Umefurahi? Sasa toka mu hiyo kiti!"

Alinisikiliza mpaka nikaishiwa. "Ile moja ilikuwa ya wapi?" akauliza.

"Ya mwisho. Kulia."

Akafunga macho kidogo. Kisha akasema, "Nilijua tangu Siku ya Kwanza, ile Jumatatu. Nilikuwa nangoya mpaka weye useme."

"Ulijuaje, na macho yako haya?"

Akainua mkono wake wa kulia, akauweka hewani kati yetu. Ulikuwa unatetemeka, na hakuuficha. "Mistari ilikuwa imenyooka, mwana," akasema. "Minyi iko miaka mbili sijapiga mustari ya kunyooka."

Nilitamani ardhi ipasuke. Nilidhani nimemficha, kumbe nilimwandikia kwa herufi kubwa. Nikakaa chini, pale pale kwenye ngazi. Nilimwambia, "Ulisema mukono ya muntu mwingine ikifungula, utanunua kiti. Minyi naogopa hiyo kiti, Tata. Naiogopa sana."

Alinitazama kama mtu ambaye ndiyo kwanza anaelewa mazungumzo ya wiki nzima. "Weye njo muntu mwingine?" akauliza.

Kisha akainuka, akaingia ndani, akatoka na mfuko wa turubai. "Beba kiti," akaniambia.

Nilikibeba kichwani, tukapita sokoni hivyo, mzee mbele na mfuko, mimi nyuma na kiti, na wale wanaonijua hawakuthubutu kuuliza. Tulipofika akaonyesha kwa kidole mahali pa kukiweka, kando ya motere, karibu kabisa. Akaketi. "Ku joint mupya, kilase inakazwa mara mbili," akasema. "Tungoye ipoe."

Tulingoja. Wamama walinung'unika, halafu wakaanza kuchambua sombe, majani ya muhogo. Tata alinieleza jinsi ilivyoanza, siku moja kikombe kikamwagika, akasema ni kikombe. Halafu shati, akasema ni shati. Nilimuuliza kwa nini hakusema. Akajibu kwamba mtu akisema mkono wake umekufa, watu wanamletea kiti. Hakusema kwa uchungu. Nilishika ule mkono, na kwa mara ya kwanza tukauangalia wote wawili unavyotetemeka.

Motere ilipopoa akanipa ufunguo wake mwenyewe, si ule wenye saa. "Kaza. Minyi nasikiliza." Akaegemeza sikio lake karibu na chuma. Nikaanza ya juu, ya chini, kushoto, kulia. Bolti ilikwaruza, ikakaza, na kila moja alisema "tosha" kabla mimi sijajua kama inatosha. Baadaye, kwa ukaidi wangu, nilileta ule ufunguo wenye saa nikazipima. Mshale ulisimama mahali pamoja, kwa zote nne. Sikumwambia, lakini aliniona nikitazama, akacheka puani.

Akakwangua mistari yangu ya uongo kwa ukucha, yote minne, akaipuliza. Akanikabidhi brashi.

Nilichovya rangi, nikainama. Sijui ni machozi, sijui ni kule kukimbia juani, mkono wangu ukakataa kutulia, na mstari wa kwanza ukatoka umepinda vibaya. Nikachukua kitambaa niufute niuanze upya.

Tata akainama kutoka kwenye kiti, uso karibu na chuma, akautazama kwa muda. Akauzuia mkono wangu.

"Acha hivyo," akasema. "Hii bolti imekaza."